Mashine ya boti ikianza kukata njiani, usikimbilie kabureta

Nyinyi mnaobeba watu Mokowe na Shela hapa Lamu, na nyinyi wa Kizingitini mnaotoka mbali kutafuta samaki, hii nawaandikia kwa sababu naona mashine nzuri zinakufa mapema na sababu ni vitu vidogo kabisa.

Mashine ya zamani ya tu-stroki, ile ya kuchanganya oili na petroli, ikianza kukata ukiongeza moto (kasi), yaani pole pole inaenda sawa lakini ukifungua zaidi inakohoa inalegea, cha kwanza punguza moto hapo hapo. Usilazimishe. Oili kwenye mashine hii haina njia yake, inasafiri ndani ya petroli, kwa hivyo petroli ikipungua oili nayo imepungua, na wewe umefungua moto wote ufike kabla bahari haijapwa huku pistoni na beringi zinazunguka karibu kavu. Hivyo ndivyo mashine inavyojamu, na watu wanasema oili ilikuwa mbovu.

Ukishapunguza moto, anzia kwenye tangi. Ile skrubu ya hewa kwenye kifuniko, imefunguliwa? Ikifungwa, au ikizibwa na chumvi, petroli inatoka lakini hewa haiingii na mwisho pampu inashindwa kuvuta. Legeza kifuniko, ukisikia tangi linavuta pumzi na mashine ikarudi, shida umeipata.

Halafu ule mpira wa kupampu kwa mkono, ulio kwenye paipu ya petroli. Huo unasema mengi sana kama utausikiliza, na mshale wake lazima uangalie mashine. Mashine ikiwa inalegea mwambie mwenzako aushike: ukiwa umebonyea ndani, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi. Ukipampu na mashine inafufuka kisha inalegea tena, hapo ni pampu ya petroli, ngozi yake ya ndani imechoka, ama kuna hewa inaingia mahali. Na kama haukazi hata upampu vipi, ni hewa au vali zake zimekwisha. Ukikaza sawa lakini petroli inamwagika kwenye kabureta (pale petroli inapochanganywa na hewa), angalia sindano ya floti, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa.

Hii ya hewa ndiyo inasumbua zaidi, kwa sababu paipu haivuji nje hata tone. Pampu inavuta, kwa hivyo penye ufa hewa inaingia badala ya petroli kutoka, na wewe unaangalia paipu kavu unasema hapa pazima. Jua letu linakausha mpira, klipu zinalegea, ule mpira mdogo wa kwenye konekta, pale paipu inapochomekwa, unaisha. Kabla hujatoa spana azima tangi na paipu ya jirani, enda nayo mpaka mlango wa bahari wa Mkanda na urudi. Ikienda vizuri, mashine yako haina kitu, nunua paipu.

Maji pia. Fungua skrubu ya chini ya kabureta (sigara mbali jamani), mwaga kwenye chupa nyeupe usubiri kidogo, maji ni mazito yatakaa chini utayaona. Hapo safisha tangi lote, si kabureta peke yake.

Kwa oili, nyingi za hizi ni 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, 400 ml kwa dumu la lita 20, lakini fuata kibandiko cha mashine yako kwa sababu za kale sana zataka zaidi. Chupa iwe na alama ya TC-W3, ndiyo oili ya tu-stroki za boti. Ile ya pikipiki imetengenezewa injini za moto mkali, kwenye mashine inayopozwa na maji ya bahari inaacha majivu.

Wale wenye mashine za tangi la oili pembeni, zinazojichanganyia zenyewe, msiamini king'ora cha oili peke yake. Weka alama ya kalamu kwenye tangi la oili, choma petroli dumu moja, uangalie kama imeshuka. Wakati unapima, changanya 50 kwa 1 kwenye petroli pia, itatoa moshi mwingi na plagi zinaweza kuchafuka, lakini mashine itakuwa salama. Isiposhuka kuna hewa kwenye paipu ya oili au pampu yake imekufa, na ukiamua kuitoa kabisa basi kila dumu lichanganywe, na mwambie kila anayeshika boti hiyo, hata kijana wa siku moja.

Kusi ikikaza na boti ikipandishwa pwani, chomoa paipu uiache mashine ichome petroli iliyobaki mpaka izime yenyewe, maji ya kupoza yakiwa yanapita. Ukiiacha kwenye kabureta petroli inakauka, oili inabaki gundi kwenye jeti, vile vitundu vidogo vya kupitisha petroli. Na fundi akizisafisha asichokoe na waya, tundu likipanuka kipimo kimeharibika, atumie dawa ya kabureta na upepo wa kompresa.