Maswali yenu kuhusu mzee Anthony Johnson na zile ekari 250

Haya jamani, maswali yamekuwa mengi tangu nilipomgusia Anthony Johnson, yule Mwafrika, wengi husema wa Angola, aliyefika Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika, mwaka 1621 akiitwa Antonio tu, bila jina la pili, akatumikishwa shamba la tumbaku miaka na miaka, akaja kuwa huru, na ilipofika 1651 alikuwa na hati yake ya ekari 250 pale Pungoteague Creek, Northampton, ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake. Wengine mnataka kujua ukoo wa mtu kama huyo unafuatiliwaje, wengine mnataka ubishi tu. Yote sawa, tuendelee.

*Nimeolewa na Mmarekani mweusi, ukoo wao ni Johnson na asili yao Virginia. Mama mkwe anasema wao ni kizazi cha huyo Anthony. Naanzia wapi?*

Dada, anzia kwa huyohuyo mama mkwe, Anthony muache kwanza apumzike. Kosa la wengi ni kuanza na mtu maarufu wa miaka 400 iliyopita alafu wanashuka naye kutafuta pa kujiunganisha, na ukitafuta hivyo lazima upate, maana Johnson kule ni kama Juma kwetu, ukiita sokoni wanageuka ishirini. Muulize mama jina la bibi yake mzaa baba, alizikwa wapi, aliolewa kanisa gani, andika, alafu tafuta cheti cha kifo na cha ndoa, ndo upande kwenye sensa. Utapanda vizuri tu mpaka 1870, hapo ndo kwenye ukuta, kwasababu hiyo ndo sensa ya kwanza iliyoandika majina ya watu weusi wote. Zile za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao, umri, jinsia, rangi, basi, jina hamna. Ila watu weusi waliokuwa huru mwaka 1850 waliandikwa kwa majina, kwahiyo ukiwakuta wakwe zako humo, tena maeneo ya Maryland, Delaware au ile rasi ya mashariki ya Virginia, hapo nitakaa vizuri kwenye kiti nikusikilize. Usipowakuta, mama mkwe usimbishie mbele za watu.

*Mtu alikuwa mtumwa, pesa ya kununua ekari 250 aliitoa wapi?*

Hakununua kwa maana tunayoijua sisi. Virginia walikuwa na ardhi (yaani walijipa ardhi ya wenyeji, tuliweke wazi hilo) ila hawakuwa na watu wa kuilima, kwahiyo serikali ikawa inatoa ekari 50 kwa kila kichwa kitakachovushwa bahari, na anayepewa ni aliyelipa nauli, sio aliyesafiri. Vichwa vitano mara hamsini ndo hizo 250.

Sasa kwa mtafuta ukoo hapa pana utamu na pana mtego. Utamu ni kwamba hati inataja vile vichwa kwa majina. Mtego ni kwamba haki ya kichwa ilikuwa inauzwa kama vocha, mtu anainunua kwa nahodha au kwa jirani anaitunza ndani, akiamua kuomba shamba ndo anaitoa, kwahiyo kuona jina la mtu kwenye hati ya 1651 haimaanishi kafika 1651, wala haimaanishi aliwahi kumfanyia kazi huyo mwenye hati. Kwenye hati ya Anthony jina mojawapo ni Richard Johnson, na Anthony alikuwa na mtoto anaitwa Richard Johnson. Ni huyohuyo baba kamuhesabu mwanae apate ekari 50 za ziada, au ni Mwingereza fulani tu kafanana jina? Hati haisemi. Nimeona miti ya ukoo huko mitandaoni watu wameshajaza bila hata aibu.

*Hizo karatasi zipo wapi na mtu wa kawaida anaweza kuziona?*

Zipo na anaweza. Hati za ardhi za Virginia zipo Library of Virginia pale Richmond, wamezipiga picha, unazisoma ukiwa kitandani kwako. Vitabu vya mahakama ya Northampton viko mji mdogo unaitwa Eastville, vinaanza 1632, na ndo kumbukumbu za mahakama kongwe kuliko zote Marekani zilizoendelea bila kukatika. Hiyo ni bahati kubwa sana kwa ukoo huu, maana wilaya kibao za Virginia vitabu vyao viliteketea, vingi Richmond ilipoungua 1865, na mtu akikwambia babu zake walikuwa huko unampa pole.

Jambo moja lililonitesa mwenyewe ni tarehe. Waingereza mpaka 1752 mwaka wao mpya ulikuwa unaanza Machi 25, sio Januari mosi. Kwahiyo kesi ya Anthony (nakuja kuieleza hapo chini) iliyosikilizwa Machi 8 utaikuta huku imeandikwa 1654, kule 1655, na zote ziko sahihi. Mimi nilikaa nayo wiki nzima nikiihesabu kesi mbili, nikaanza mpaka kutunga sababu kwanini mzee alirudi mahakamani mwaka mmoja baadae siku ileile! Na majina nayo hayatulii, leo Antonio, kesho Anthony, karani anaandika anavyosikia, kwahiyo tafuta kwa jina la kijito na la majirani pia. Mipaka ya shamba inatajwa kwa kijito, mti na jina la jirani, na ukishawajua majirani hata mtu akibadilishwa jina utamtambua tu.

*Si ndo huyu aliyeanzisha utumwa Marekani? Mbona hulisemi?*

Nalisema sasa, kaka, tena vizuri. Ni kweli Anthony alikuwa na mtu anaitwa John Casor, naye mweusi. Casor akadai alikuja kwa mkataba wa miaka saba au nane na muda umepita, Anthony akasema huyu ni wangu maisha yake yote. Jirani mzungu, Robert Parker, akamchukua Casor. Nyumbani kwa Anthony wakamshauri mzee amuachie yaishe, akaonekana kukubali, baadae akabadili mawazo akamshtaki Parker, na hiyo Machi 1655 mahakama ikampa ushindi, Casor akarudishwa. Simtetei. Mtu aliyejua utumwa ulivyo kisha anamfunga mwenzie nao, hilo halina kona ya kulitetea.

Ila kuanzisha, hapana. Mwaka 1640, yaani miaka 15 kabla, watumishi watatu walitoroka Virginia wakakamatwa, wawili wazungu wakaongezewa miaka, wa tatu, John Punch, mweusi, akahukumiwa atumike mpaka afe. Massachusetts 1641 waliuweka utumwa kwenye sheria kabisa. Na Casor alipewa Johnson kwa kesi moja ya madai kwenye mahakama ya wilaya, lakini sheria iliyovifunga vizazi ni ya 1662, bunge la Virginia lilipoamua mtoto anafuata hali ya mama, mama mtumwa na mtoto mtumwa hata kama baba ni mwenye shamba. Hiyo klipu mnayotumiana ya "mtumwa wa kwanza alimilikiwa na mweusi" inaanzia 1655 kwa makusudi.

*DNA haiwezi kumaliza ubishi wa nani ni kizazi cha Anthony?*

Haimalizi. Mpaka Anthony ni vizazi kumi na zaidi, na ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu, wengi wao hawajakuachia hata chembe inayopimika. Mstari wa baba kwa baba unapimika mbali, ila unamlinganisha na nani? Kwanza upate mzao wake mwenye karatasi.

*Ardhi yote hiyo iliishia wapi? Mbona hatusikii matajiri wa ukoo huo?*

Swali hili ndo nilikuwa nalisubiri. Mwaka 1653 moto uliunguza mali yao karibu yote. Anthony akaenda mahakamani, na mahakama ikaandika kwamba hawa watu wameishi Virginia zaidi ya miaka 30, wanaheshimika kwa kazi yao, ikamsamehe mkewe Mary na binti zao wawili kodi maisha yao yote. Hiyo sio ndogo, kwasababu tangu miaka ya 1640 mwanamke mweusi alilipiwa kodi ya kichwa kama mwanaume wakati mke wa Mwingereza halipiwi.

Kwenye 1665 hivi wakahamia Maryland, Somerset, wakapanga shamba la ekari 300 wakaliita Tonies Vineyard, huku nyuma ekari 50 za Virginia amemuachia mwanae Richard. Anthony akafariki 1670. Mwaka huohuo wazee wa baraza Virginia wakakaa wakaamua kwamba marehemu alikuwa mweusi, na kwahiyo mgeni, na ardhi ya mgeni inarudi serikalini, na zile ekari 50 zikaishia kwa jirani mzungu. Miaka 17 tu tangu mahakama iseme ni wenyeji wa miaka 30! Kwahiyo ukimtafuta Richard kwenye wosia wa baba yake ukakosa, usidhani hakuwepo, nenda kwenye kumbukumbu za ardhi iliyonyang'anywa.

*Una uhakika gani kama alitoka Angola? Au kuna uwezekano alikuwa wa huku kwetu?*

Wa huku hapana, meli za wakati ule zilizobeba watu kuelekea huko zilipakia watu pwani ya magharibi ya Afrika, na jina Antonio ni la Kireno, na Wareno walikuwa Luanda, huko Angola. Lugha yake ingekuwa na undugu na yetu kwa mbali, mtu kwa Kikongo ni muntu, lakini msimpe uswahili bure. Yeye mwenyewe hakuacha neno lolote kuhusu kwao. Kilichobaki ni cha mjukuu, naye aliitwa John Johnson, amezaliwa Amerika, Afrika hajawahi kuiona. Mwaka 1677 alinunua ekari 44 huko Maryland, karani alipotaka jina la shamba akaambiwa aandike Angola.