Mama anafikisha 65, tumkatie bima gani ya kujazia?

SWALI: Anti shikamoo. Mama yangu yuko hapa Houston mwaka wa 14 sasa, kafanya kazi nyumba ya wazee muda wote huo, na tarehe 12 mwezi wa tisa anafikisha 65. Ana presha na sukari kidogo. Simu za maajenti haziishi, huyu anasema chukua hii malipo ziro kwa mwezi, yule anasema Plan G yetu ndo bora kuliko za wengine. Na kila mwaka mama lazima aende Moshi, Julai na Agosti yote. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wa "Plan G yetu ndo bora" anakuzuga. Medigap, yaani bima za kampuni za kujazia Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa waliofikisha 65), zinaenda kwa herufi, na hapo Texas G ni G, inacholipa ya kampuni hii ndicho inacholipa ya ile, kinachotofautiana ni bei na jinsi inavyopanda mtu akizeeka, kwahiyo muulize bei ya leo na ya mtu wa miaka 75 uone atakavyobabaika.

Medicare Part B inalipa asilimia 80 ya daktari, 20 inabaki kwa mama na haina ukomo, yaani matibabu ya dola 40,000, elfu 8 ni zake. G inaibeba hiyo. Dawa haibebi, hizo ni Part D pembeni, meno na miwani ndo kabisa sahau.

Ile ya ziro ni Medicare Advantage, mpango wa kampuni binafsi unaoshika nafasi ya Medicare ya kawaida. Siyo wizi, ila ada ya Part B ya kila mwezi bado atalipa, atabanwa na madaktari walio kwenye orodha yao, na akiwa nayo Medigap hauziwi.

Sasa Moshi. Medicare ya kawaida haivuki bahari, ila G inalipa asilimia 80 ya dharura ya nje baada ya dola 250 za mwanzo, ukomo dola 50,000 kwa maisha yake yote, mradi dharura ianze ndani ya siku 60 za mwanzo za safari. Hesabu vizuri, Julai na Agosti ni siku 62! Na atunze risiti maana hospitali kule itataka hela kwanza.

Akishaingia Part B mwezi wa tisa ana miezi 6, mpaka mwisho wa Februari, ambayo kampuni haiwezi kumkataa wala kumpandishia bei kisa presha na sukari. Baada ya hapo wanaweza. Kama bado yuko kazini na ana bima ya kazini niandikie tena kabla hamjasaini chochote, hapo hesabu inabadilika.