Mapigo Yalikuwa Kwenye Kona ya Picha

Wiki iliyopita makala yangu imekubaliwa na jarida la utafiti wa moyo. Nimengoja miaka mitatu kuandika sentensi hiyo, kwa hiyo mnivumilie nikiirudia: imekubaliwa. Siku hiyohiyo nikapata ujumbe wa msomaji, dada anayesomea uzamivu kuhusu moyo kushindwa kufanya kazi. Anatumia panya, kama mimi. Amekataliwa mara ya pili. Anauliza: "Kaka, niendelee au nitafute kazi nyingine?"

Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja. Nimeshindwa, kwa sababu mstari huo bila kisa chake haumfai mtu.

Nilikuwa najaribu dawa fulani kwa panya wadogo wa maabara. Unambana panya aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni, kisha unasubiri. Moyo unasukuma kwa shida, kuta zake zinanenepa, na mwishowe unatanuka na kuchoka, karibu na inavyomtokea mtu aliyeishi na presha miaka mingi bila matibabu. Nusu ya panya wangu walipewa dawa, nusu maji ya chumvi. Baada ya wiki nane nikawalaza usingizi na kuwapima kwa ultrasaundi.

Matokeo yalinitoa machozi. Waliopata dawa, mioyo yao ilikuwa inajikunja vizuri kabisa. Wa kundi la kulinganishia, moyo unajivuta kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Nilisimama mbele ya kongamano na picha zile mbili pamoja, na ukumbi ukapiga makofi. Ninayo picha ya siku ile. Nimevaa tai, nimesimama kama waziri. Msimamizi wangu akaniambia, "Hii ndiyo tasnifu yako. Andika haraka, wasije wakatutangulia." Nikaandika kwa siku kumi na moja.

Jarida likaituma kwa wahakiki wawili, wataalamu wa kuipima kabla haijachapishwa. Wa kwanza alinisifu. Wa pili aliandika mambo mawili tu: nitaje mapigo ya moyo ya kila mnyama wakati wa kipimo, na joto la mwili wake. Bila hayo, alisema, hawezi kujua kama anachokiona ni kazi ya dawa au ya baridi.

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza kwamba huyu ni mzee anayechukia vijana, kwamba hajasoma makala yote, kwamba ana panya wake mwenyewe anaowashindanisha na wangu. Makala ikakataliwa. Nikakaa nayo drooni miezi miwili, kisha usiku mmoja nikafungua picha zangu za ultrasaundi moja baada ya nyingine. Kwenye kona ya kila picha mashine ilikuwa imeandika mapigo kwa dakika. Namba ndogo, nyeupe. Nilikuwa nimezikata zote ili picha zipendeze.

Panya wa dawa: 460, 475, 490. Panya wa kulinganishia: 290, 310, 280.

Panya mdogo akiwa macho na ametulia, moyo wake hupiga kama mara 500 hadi 600 kwa dakika. Sisi hupiga 60 hadi 100. Ule moyo wake, wenye uzito wa kama sehemu ya kumi ya gramu, haukuumbwa kwenda taratibu. Ukiukuta kwenye 280, mnyama yuko mbali na hali yake: amelazwa usingizi mzito mno, au amepoa, au yote mawili. Na mwili mdogo hupoa upesi, maana ngozi ni nyingi ukilinganisha na kilichomo ndani, na dawa ya usingizi humnyima uwezo wa kujipasha. Mapigo yakianguka, namna moyo unavyojikunja nayo inabadilika, nawe unaanza kupima baridi huku ukiita ugonjwa.

Sasa sehemu inayouma. Nilijua. Siku ya pili ya vipimo kibao cha kupashia joto kiliharibika. Nikatandika kitambaa nikaendelea, kwa sababu mashine nilikuwa nimeazimwa kwa siku mbili tu. Siku hiyo ndiyo niliyopima kundi la kulinganishia.

Kurudia jaribio sitawasimulia. Lilikuwa refu na halina utamu. Kibao kizima, kipimajoto ndani ya kila mnyama, makundi yote mawili yamechanganywa kila siku ya vipimo, na mwenzangu akapima bila kujua yupi amepewa nini. Dawa haikufanya lolote. Hiyo ndiyo makala iliyokubaliwa wiki iliyopita: dawa isiyofanya lolote, imepimwa vizuri. Najivunia kuliko yale makofi.

Kwa hiyo dada yangu, ushauri wangu wa kwanza: andika joto. Kwenye jedwali weka safu ya joto na safu ya mapigo kabla hujaweka safu ya kile unachokitafuta.

Usidhani haya ni ya wanafunzi tu. Sydney Ringer, daktari Mwingereza, miaka ya 1880 alikuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini, na ukawa unapiga vizuri ndani ya maji ya chumvi. Akachapisha. Baadaye akagundua kwamba maji yale yalitengenezwa kwa maji ya bomba ya London, siyo maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa. Alipotumia yaliyokenekwa, moyo ukafifia na kusimama. Kilichokuwa kikiuendesha ni kalisi, madini yaliyomo kwenye maji ya bomba. Mwaka 1883 akachapisha tena na kusema wazi kwamba mara ya kwanza maji hayakuwa yale aliyoyadhani. Kosa lake likatufundisha kwamba bila kalisi msuli wa moyo haujikunji. Langu halikufundisha kitu kikubwa hivyo, lakini nilimsoma Ringer usiku ule nikalala.

Au paka. Kwa muda mrefu paka wengi walikufa kwa moyo uliotanuka, na ilidhaniwa ni ugonjwa tu wa moyo. Mwaka 1987 ikaonyeshwa kwamba wengi wao walikosa taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukosa, kwenye chakula chao cha viwandani. Walipoongezewa, mioyo ikarudi. Watu walikuwa wanautazama moyo, jibu liko kwenye bakuli.

Kwa binadamu ni hatari zaidi. Kulikuwa na dawa, enkainidi na flekainidi, zilizozima mapigo ya ziada kwa watu waliowahi kupata shambulio la moyo. Karatasi ya umeme wa moyo ilitulia, madaktari wakatulia. Lilipofanywa jaribio lenye kundi la kulinganishia, ilibidi dawa hizo zisimamishwe humo mwaka 1989, kwa kuwa waliozitumia walikufa zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Nikikumbuka hilo naiona tai yangu ya kongamanoni na naona aibu. Vijana wa fani hii, tunapenda picha nzuri mno! Tunakata kona. Tunaficha namba kwa kuwa zinaharibu muonekano, halafu tunamlaumu anayeziulizia. Acheni. Mpimaji asijue kundi. Makundi yapimwe siku moja. Na andikeni joto, nimeshasema.

Msimamizi wangu, kwa njia, makala ya kwanza ilipokataliwa alisema "makala yako". Wiki iliyopita ameandika kwa watu wote wa maabara: "makala yetu imekubaliwa". Nimesoma mara nne. Sijajibu.

Dada nimemjibu. Sikumwambia aendelee wala aache. Nimemwomba anitumie jedwali lake la vipimo kama lilivyo, asilisafishe. Limefika asubuhi ya leo. Kuna safu ya namba ya mnyama, umri, jinsia, uzito, unene wa ukuta wa moyo. Safu ya joto haipo. Nimemuuliza kama picha zake bado zina kona.