Fupa la paja: kulia au kushoto, na majina ya alama zake

Mkuu wa Kigoma, umeuliza mambo mawili: unajuaje fupa la paja ni la kulia au la kushoto, na unatofautishaje trokanta (vinundu vikubwa karibu na nyonga), kondili (vifundo vya mviringo vya goti) na wenzake. Anza na la kwanza. Fupa likishakaa sawa mkononi, nusu ya majina hujitaja yenyewe.

Lisimamishe wima, kichwa cha mviringo kikiwa juu. Kisha tafuta nyuma yake: ule ukingo wenye mikwaruzo unaoteremka katikati ya shina ndio linea aspera, na chini kuna fosa, yaani bonde, inayotenganisha kondili mbili. Mbele shina ni laini na limebinuka kidogo. Ligeuze hadi linea aspera ikuelekee wewe, kama fupa la paja lako mwenyewe. Kichwa kikielekea kushoto kwako, fupa ni la kulia. Kikielekea kulia, ni la kushoto. Wengi hukosea kwa kutazama kichwa peke yake, na bila kujua nyuma ni wapi, kichwa hicho unaweza kukielekeza popote.

Ukipewa kipande cha shina tu (walimu wanapenda hilo), tafuta kitundu cha mshipa wa damu kwenye linea aspera au karibu yake. Ingiza taratibu ncha ya njiti ya chelewa, huko kwenu michikichi haikosekani. Kwa kawaida ncha iliyozama huelekea nyonga, iliyobaki nje huelekea goti. Kipande kikiwa cha juu, tuberoziti ya gluteasi, penye mikwaruzo zaidi, huwa upande wa nje.

Majina sasa. Jiulize hapo panafanyika nini. Panapoungana mfupa na mfupa ni laini, pamefunikwa gegedu: kichwa, kondili, faseti (uso mdogo bapa). Panapovutwa na msuli ni pakavu na panakwaruza: trokanta, tuberoziti, tuberkeli (kinundu kidogo), kresti (ukingo), spina (ncha iliyochomoza). Epikondili huwaponza watu, maana jina linafanana na kondili ila yenyewe iko juu yake na si sehemu ya kiungo. Trokanta ni za paja tu. Ukizitaja kwenye mfupa wa mkono wa juu umepoteza alama, kule kuna tuberkeli kubwa na ndogo. Forameni ni tundu la kupitisha neva au mshipa, fosa ni bonde, sulkasi ni mfereji.

Ukienda wodini, alama hizi ndizo zinakuonyesha pa kuchoma sindano ya nyonga. Weka kiganja kwenye trokanta kubwa, kidole cha shahada kwenye spina ya mbele ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha tanua cha kati kuelekea nyuma kwa kufuata kresti ya mfupa huo. Sindano inaingia katikati ya V hiyo, mbali na neva kubwa ya siatiki. Nyonga ya kulia tumia mkono wa kushoto, ya kushoto tumia wa kulia. Ukibadilisha, vidole vitaelekea kusiko.