Mita ilisema kapasita ni nzima, nami nikaiamini

Juzi kijana mmoja anayejifunza ufundi wa elektroniki ameniandikia. Amenunua mita mpya yenye kipimo cha kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, akaigeuza bodi ya runinga, akapima kapasita zote zikiwa zimo humo humo kwenye bodi. Nusu zimemsomea namba za ajabu, nusu zimeonekana nzima, na runinga bado haiwaki. Swali lake: "Kaka, nianze kubadilisha ipi?"

Nilicheka peke yangu. Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu swali hilo hilo niliwahi kujiuliza, nikajijibu vibaya, na aibu yake niliipata mbele ya mteja. Kwa hiyo kabla sijamjibu kijana, ngoja nitoe la moyoni. Ninyi mnaosoma hapa najua mnataka kufika mahali ambapo bodi ikiwekwa mezani mnaisoma kama barua. Njia ya kufika huko mimi niliipita kwa magoti.

Mita yangu ya kwanza ilikuwa ya mshale. Ile unaiweka kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, unagusisha waya kwenye miguu ya kapasita, mshale unaruka kisha unarudi taratibu. Usiporuka, kapasita imekatika ndani. Ukiruka na kulala huko huko, imeshoti. Kwa redio za zamani hilo lilitosha, na kusema kweli niliipenda mita ile kwa kuwa haikujifanya inajua mengi. Kisha nikapata ya kidijitali, na hapo kiburi kikaingia. Nikafungua daftari: safu ya kwanza namba iliyoandikwa kwenye ganda, safu ya pili namba iliyo kwenye kioo cha mita, safu ya tatu tiki. Nilikuwa napima hata kapasita mpya ambazo hakuna aliyeniomba nizipime.

Ikaja runinga moja. Ukiichomeka, taa nyekundu inawaka, inazima, inawaka, inazima, na pawa saplai inalia tik, tik, tik. Nilianza vizuri, hapo sijilaumu. Fyuzi nzima. Dayodi nne za daraja, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, kila moja inasoma 0.5 na kidogo upande mmoja, na upande wa pili OL, yaani haipitishi kitu. Kapasita kubwa ya volti 400 ina volti 320 hivi, maana yake umeme wa ukutani umeshageuzwa na unasubiri kazi. Nikazima, nikasubiri, nikachomoa kapasita za elektroliti moja moja. Ya mikrofaradi 1000 (mikrofaradi ndicho kipimo cha ujazo wa kapasita) ikasoma 930. Ya 470 ikasoma 441. Nikafika kwenye moja ndogo, mikrofaradi 47 na volti 50, unene wa penseli, imesimama karibu kabisa na sahani ya alumini inayopoza mosfeti, ile transista inayowasha na kuzima umeme wa pawa saplai. Plastiki yake upande wa sahani ilikuwa imefifia rangi. Hilo nililiona kwa macho yangu. Nikaipima: 41.

Elektroliti nyingi huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20. Kwa ya 47 ni kama 38 hadi 56. Kwa hiyo 41 imo. Nikairudisha mahali pake, nikailehemu kwa madaha, risasi inang'aa, nikaweka tiki.

Siku tatu zilizofuata nitaziruka. Nilibadilisha mosfeti, nikabadilisha aisi inayoiamuru, nikabadilisha optokapla inayoipelekea habari kwa mwanga, na taa iliendelea kunikonyeza.

Siku ya tatu mteja akaja kuuliza kazi yake, na kwa bahati mbaya akafika wakati mmoja na fundi aliyenitangulia, mtu ambaye hadi leo namwita mzee kwa heshima. Mzee akasikiliza ule mlio wa tik, tik kama anayesikiliza mtoto anakohoa. Akauliza, "Umepima ESR?" Yaani ukinzani wa ndani wa kapasita. Nikajibu kwa kujiamini kwamba kapasita zote nimepima, nikamwonyesha na daftari. Hakulitazama. Akachomoa waya wa umeme, akahakikisha kapasita kubwa haina chaji, akageuza bodi. Kwenye mfuko wa shati akatoa kapasita mpya ya 47, akaikalisha mgongoni kwa ile ya zamani, hasi kwa hasi, chanya kwa chanya, akaishika kwa matone mawili ya risasi. Akachomeka. Runinga ikawaka.

Kisha akanigeukia: "Hiyo mita uliinunua ya kupigia picha?"

Mteja alicheka hadi akashika meza. Mzee alikuwa na haki, sikatai, na mbinu ile ya kuibebesha kapasita mpya juu ya ya zamani naitumia mpaka kesho. Lakini angeweza kuniita pembeni. Nimefundisha vijana kadhaa tangu siku ile na sijawahi kumwambia yeyote neno kama lile mbele ya mwenye mali. Wengine huita ukali ule malezi. Mimi naujua uzito wake kwa sababu miaka imepita na bado nasikia kile kicheko.

Kapasita ile niliiweka kwenye kiberiti kitupu. Nilipopata mita ya ESR, kitu cha kwanza kupima kilikuwa hicho: omu 12. Mpya ya aina hiyo hiyo haikufika hata nusu omu.

Sasa tuelewane hapa, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Kapasita ya elektroliti ndani yake ni karatasi nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyolowa majimaji. Majimaji yale yakikauka, ukinzani wa ndani unapanda, na huo ndio tunaouita ESR. Mita ya kawaida inaipa kapasita chaji polepole, inaangalia imechukua kiasi gani, inakutajia mikrofaradi. Kwa mwendo ule wa taratibu, omu 12 hazionekani. Pawa saplai haina subira hiyo. Inaidai kapasita chaji makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ni kama mtungi uliojaa maji huku shingo yake imeziba: anayepima ujazo atakwambia mtungi hauna tatizo.

Mita ya ESR inafanya kinyume. Inapeleka umeme wa kwenda na kurudi kwa kasi, mara nyingi kilohezi 100, na kwa volti ndogo sana, ndogo kiasi kwamba dayodi na transista zilizo jirani hazifunguki. Ndiyo sababu unaweza kupima kapasita nyingi bila kuzichomoa. Mikrofaradi usizipime kwenye bodi, ndugu yangu. Namba za ajabu alizoziona kijana wetu hazikuwa za kapasita peke yake, zilikuwa za kapasita na majirani wote wanaoshika waya mmoja naye.

Na ESR nayo ina hila zake mbili. Ya kwanza, kapasita iliyoshoti itakusomea ESR nzuri kupita zote, karibu na sifuri, nawe utaipongeza. Kwa hiyo angalia shoti kwanza kwa omu. Ya pili, kapasita mbili au tatu zikiwa zimefungwa sambamba, nzima inamfunika mgonjwa. Hapo hakuna ujanja, chomoa.

Mtu ataniuliza, mbona hukuona imevimba? Kwa sababu haikuvimba. Miaka ya mwanzo ya 2000 bodi nyingi za kompyuta duniani zilikufa kwa kapasita zenye majimaji mabovu, vichwa vikituna na kupasuka, na fundi aliyekuwepo alizoea kutafuta vichwa vilivyotuna. Zile ndogo hukauka kimyakimya. Soma ganda lake: mara nyingi imeandikwa nyuzi 105, na kwa nyingi za kawaida maisha yake kwenye joto hilo ni kama saa 2000. Ukipunguza joto kwa nyuzi 10, maisha yanakaribia kuwa maradufu, kwa hiyo kwenye nyuzi 65 utapata kama saa 32,000. Sasa tafakari ile iliyosimama kifua kwa kifua na sahani ya moto. Ukiona chombo kinagoma kuwaka kikiwa baridi, kisha baada ya kukaa kwenye umeme kinakubali, mshuku huyo kwanza. Majimaji yakipata joto, ESR inashuka kwa muda.

La pili ninalotaka kuungama ni la chaji. Kuna kile kipima vifaa kidogo chenye tundu tatu, unachomeka kifaa chochote, kinakuchorea kwamba hii ni transista, hii ni dayodi, hii ni kapasita na ESR yake hii. Kilibuniwa na Mjerumani Markus Frejek, kikaendelezwa na Karl-Heinz Kübbeler, na vingi vinatumia kidhibiti cha ATmega328. Ni kitu kitamu mno. Kinakupa pia kipimo cha Vloss, yaani baada ya kupewa chaji kapasita imepoteza asilimia ngapi. Nzima huonyesha kidogo, na ikipanda sana, hata kama mikrofaradi ziko sawa, iweke pembeni. Changu niliishi nacho wiki mbili. Nilikichomekea kapasita ambayo niliamini haina kitu. Hakikulia wala kutoa moshi. Kioo kilifutika tu, na hakikuwaka tena.

Kapasita kubwa ya pawa saplai kwenye umeme wa volti 230 hushika kama volti 325. Na pawa saplai iliyokufa ndiyo hukaa na chaji muda mrefu zaidi, kwa kuwa hakuna kinachoinywa. Nawaona mnaotumia bisibisi kuishoti, cheche inaruka, mnacheka. Acheni. Chukua rezista ya kiloomu 2.2 ya wati 5, iunganishie waya zenye ganda zuri, ishike kwenye miguu ya kapasita. Kwa kapasita ya mikrofaradi 220, sekunde tatu zinatosha, mimi nahesabu hadi kumi. Kisha pima volti. Subiri kidogo, pima volti tena, kwa maana kapasita ina tabia ya kufufuka. Chaji iliyojificha ndani hurudi juu hata baada ya kuimwaga. Mimi sikupima mara ya pili, na kipima changu kilikufa kwa uvivu huo. Pima volti kabla ya kupima kitu kingine chochote. Narudia: volti kwanza.

Vifaa vingine nitavipitia haraka. Rezista ikiwa kwenye bodi isiyo na umeme itasoma sawa na rangi zake au chini yake, kwa sababu ya majirani. Ikisoma juu zaidi, na hakuna chaji iliyobaki, imekufa, usibishane nayo. Dayodi ya silikoni hutoa 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, ya Schottky hushuka hata 0.2, na vijana wengi huitupa ya Schottky wakidhani inaelekea kushoti. Taa ya LED nyeupe inaweza kukataa kuwaka kwenye mita yako kwa sababu volti za mita hazitoshi, si kwa sababu imeungua. Mosfeti inachanganya zaidi: geti lake, yaani mguu unaoiamuru, lenyewe ni kama kapasita ndogo, ukiligusa kwa waya mwekundu linashika chaji na mosfeti inabaki imefunguka, nawe unasema imeshoti. Gusanisha miguu yake yote mitatu kwanza, kisha pima upya. Mimi nimetupa mosfeti nzima ngapi kabla ya kulijua hilo, heri nisihesabu.

Na zile kapasita ndogo za kauri zenye namba 104: hiyo ni 10 na sifuri nne, pikofaradi 100,000, sawa na nanofaradi 100. Usizishike kwa vidole miguu yote miwili ukipima, na kama mita yako ina kitufe cha kufuta thamani ya waya zake, kibonyeze kabla hujaanza. Kwenye pikofaradi, waya zako peke yake ni kapasita.

Kinachoniudhi siku hizi ni watu kununua mita kubwa kuliko swali lao. Wanabadilisha mita kila msimu, lakini mguu mmoja wa kapasita hawataki kuuinua kutoka kwenye bodi kwa sababu chuma cha kulehemia kinachelewa kupata moto. Mvivu wa kuchomoa atabadilisha aisi hadi azeeke. Nilikuwa mmoja wao, ndiyo maana nasema kwa sauti.

Haya, kijana wangu. Chomoa runinga kwenye umeme, pima volti kwenye kapasita kubwa, imwage, pima tena. Kisha usianze na hiyo kubwa, hata kama ndiyo inayokutisha. Tafuta aisi ya pawa saplai, fuata mguu unaoilisha umeme, utakuta elektroliti ndogo ya 22 au 47 imesimama karibu na joto. Kama huna mita ya ESR, ibebeshe mpya ya thamani hiyo hiyo na volti zisizopungua zake, angalia mstari wa hasi kwenye ganda usikosee. Jaribu. Ukimaliza niandikie ya zamani ilisoma ngapi. Nataka namba, usinitumie picha ya mita.