Kimeshikwa wapi? Ushauri kwa wanaoanza kutafsiri Kihispania kwa Kiingereza hapa Lamu

Agosti, Wahispania wanapokuwa likizoni, kazi za tafsiri huongezeka Lamu. Wakala aliye Madrid au Barcelona huleta maelezo ya nyumba ya kupangisha kijijini Shela, ratiba ya safari ya jahazi, masharti ya malipo, pengine barua ya mgeni aliyeudhika, yote kwa Kihispania. Mwenye nyumba, wakili na meneja wa hoteli huyataka kwa Kiingereza, tena leo hii. Wanaokabidhiwa ni vijana waliojifunza Kihispania kwa kutembeza wageni. Nawaandikia nyinyi, wadogo zangu, mnaoingia sasa katika kazi hii, kuhusu kundi moja la maneno linalowachosha wengi: maneno ya kuyumba, kubembea, kusukasuka, kupanda na kushuka.

Istilahi za sheria na za benki hazina shida kubwa. Nyingi zina mwenzake mmoja kwa Kiingereza, ukimpata umemaliza. Haya ya kuyumba hayana mwenzi mmoja. Fungua kamusi ya lugha mbili kwenye “vaivén”, mwendo wa kwenda na kurudi, utakuta maneno matano au sita ya Kiingereza yamepangwa kwa mkato kana kwamba ni mamoja. Anayeanza kazi hulichukua la kwanza akaenda nalo mpaka mwisho wa ukurasa. Tafsiri ya namna hiyo hupita, hakuna anayeirudisha, lakini Mwingereza akiisoma anahisi tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, na nyumba nzuri inaonekana imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuiona.

Kwa hiyo kabla hujachagua neno la Kiingereza, kione kitu chenyewe kinachotikisika, ujiulize kimeshikwa wapi. Kiingereza kinalijali sana jambo hilo. Kitu kilichotundikwa juu kikaachwa huru chini, au kilichofungwa ubavuni kwa bawaba, kitenzi chake ni “swing”: bembea, taa ya kutundika, mlango, mkono wa mtu anayetembea. Kilichoshikwa chini kikaachwa huru juu ni “sway”: mnazi, mlingoti, mtu aliyesimama akifuata ngoma. Kilichokaa juu ya kitako chake mwenyewe ni “rock”: kitanda cha mtoto chenye miguu ya duara, kiti cha kubembea cha wazee, mashua iliyofungwa gatini.

Kihispania hakiulizi hilo. “La lámpara se balanceaba”, “la palmera se balanceaba”, “la barca se balanceaba”: taa, mnazi na mashua, kitenzi ni kimoja. Kwa Kiingereza lazima viwe vitatu, “the lamp swung”, “the palm swayed”, “the boat rocked”. Ukishika kimoja ukakitumia kwa vyote, umeandika mnazi unaoning'inia kutoka mbinguni.

Hapo ndipo Kiswahili chetu cha pwani kinapokusaidia, na ningependa mkitumie bila haya. Sisi tuna kuyumba, kuning'inia, kupepesuka, kuwayawaya, na kunesa, ambako ni kwa kitu chembamba kinachopinda na kurudi bila kuvunjika, mfano ubao mrefu unaopita juu yake mtu mzito. Wahispania wana “cimbrearse” kwa jambo hilohilo, na ukiliona neno hilo likisemwa juu ya ufito, unyasi au kiuno cha mchezaji, jua mwandishi anataka ule unyumbufu, wala hasemi kuyumba tu. Kiingereza hakina kitenzi kimoja kinacholiziba pengo hilo vizuri. Andika “sway”, kisha uutafutie unyumbufu neno jingine, kwa mfano “supple”, kuliko kuuacha upotee.

Tuje baharini, maana ratiba nyingi mtakazopewa ni za vyombo. Katika maandishi ya ubaharia “balanceo” huacha kuwa neno la jumla na kuwa istilahi. Nenda na mashua kutoka Shela mpaka pale mlango wa bahari unapofunguka baina ya visiwa vya Lamu na Manda, siku maji yanatoka na kusi inavuma. Upepo na mkondo vinapingana, mawimbi yanasimama mafupi na makali. Omo, yaani pua ya chombo, inapanda, inaanguka, inapanda tena, na maji yanarushwa mpaka kwa abiria wa mbele: hiyo ni “cabeceo”, kwa Kiingereza “pitch”. Nahodha akigeuza chombo mawimbi yakaja ubavuni, kinalala upande huu kikarudi upande ule: hiyo ni “balanceo”, na Kiingereza chake hapa ni “roll”, usiandike “sway” wala “rock”. Mtazame sasa nahodha mwenyewe anavyoushughulikia usukani bila kupumzika, kwa sababu omo inakwenda kulia na kushoto ikitafuta kuiacha njia: hiyo ni “guiñada”, “yaw”. Likija wimbi moja la ghafla likakitupa chombo upande mmoja, watu wakashikana, hilo ni “bandazo”, na Kiingereza kina “lurch”. Mambo manne tofauti. Nahodha wa Lamu anayatofautisha kwa miguu yake, nawe ukitafsiri maelekezo ya usalama huna ruhusa ya kuyachanganya. (Kwenye ndege “roll” huitwa “alabeo”, ikitokea ukaletewa makala ya urubani.)

Kuna neno “marejada”. Kamusi nyingi zitakwambia ni bahari iliyochafuka, na kwenye barua ya mgeni anayesimulia safari yake hilo ni sawa. Katika utabiri wa hali ya hewa wa Uhispania, hata hivyo, “marejada” ni daraja la kipimo cha Douglas, kinachopima ukali wa bahari: mawimbi ya mita 0.5 hadi 1.25, ambayo Waingereza huyaita “slight”. “Fuerte marejada” ni mita 1.25 hadi 2.5, “moderate”. Inapofika “gruesa”, mita 2.5 hadi 4, ndipo Waingereza wanaposema “rough”. Ukiandika “rough” mahali pa “marejada” utazuia safari ambayo kila mvuvi wa hapa angekwenda akiimba. Kinyume chake ni kibaya zaidi.

Maji kujaa na kupwa ni kuyumba pia, kwa mwendo wa taratibu. Wahispania husema “pleamar” na “bajamar”. Bamvua lao, maji yanapojaa na kupwa sana, ni “marea viva”, na maji mafu yao, yanapojaa na kupwa kidogo, ni “marea muerta”, yaani mfu kabisa, kama letu. Msidanganywe na ufanano huo mkaandika maji hai na maji yaliyokufa kwa Kiingereza. Bamvua ni “spring tide”, na maji mafu ni “neap tide”. Hiyo “spring” haihusiani na majira ya kuchipua; bamvua huja kila mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Jambo hili linastahili maelezo ya ziada kwenye ratiba, kwa sababu mgeni wa Barcelona amekulia kando ya Mediterania, ambako maji hupanda na kushuka kidogo mno, ilhali kwetu bamvua hupita mita tatu. Mgeni wa Galicia au wa Cádiz ataelewa upesi kwa nini mashua haiwezi kuingia mikokoni saa ile anayotaka yeye.

Kwenye vitu vya nyumbani, maneno mawili nayaogopa. La kwanza ni “hamaca”. Mhispania wa Uhispania akiandika “hamacas” akiwa anazungumzia ufuo au bwawa la kuogelea, mara nyingi anasema vitanda vya kuotea jua, “sun loungers”. Mwargentina akilisema, huenda anakusudia bembea ya watoto. Machela ya kamba inayofungwa baina ya minazi miwili ni maana mojawapo tu. Nyumba ikitangazwa kwa Kiingereza kuwa ina “eight hammocks”, mgeni atafika atafute machela nane. Ombeni picha. La pili ni “balancín”: ni bembea ya ubao inayopanda huku na kushuka kule, “seesaw”, ni kiti cha kubembea, ni matengo ya ngalawa, “outrigger”, na ukiwa umeletewa kitabu cha injini ya boti, ni kile chuma kinachosukuma valvu, “rocker arm”. Hapa sentensi peke yake haitoshi, utahitaji ukurasa mzima. “Columpio” ni “swing” na haina matata.

“Vaivén” yenyewe imetokana na kwenda na kuja, na ndiyo maana inatosha mahali pengi. “Puerta de vaivén” ni “swing door”. “Movimiento de vaivén” ya pampu ni “reciprocating motion” ukiwaandikia mafundi, na “back-and-forth motion” ukimwandikia mtu wa kawaida. “El vaivén de las olas” ni mawimbi yanavyokuja na kurudi, na mimi hupenda “the ebb and flow of the waves” kwenye tangazo, ingawa kwenye maandishi ya kisayansi singelitumia, kwa kuwa “ebb and flow” asili yake ni maji kupwa na kujaa. “Los vaivenes de la vida” ni “ups and downs”. Hapo hakuna kinachobembea.

Fedha sasa, na hapa kosa lina gharama. “Los precios oscilan entre 80 y 120 euros” haisemi kwamba bei inacheza. Inasema kuna vyumba vya 80, kuna vya 120, na vingine katikati. Kiingereza chake ni “prices range from 80 to 120 euros”. Ukiandika “oscillate”, au vibaya zaidi “fluctuate”, umemwambia mteja kwamba chumba cha leo cha 80 huenda kesho kikawa 120, na wakili wake atakuwa na haki ya kuuliza. “Fluctuar” ndiyo ya bei inayobadilika kweli, kama katika “fluctuaciones del tipo de cambio”, “exchange rate fluctuations”. Kwenye mkataba tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atabeba hasara shilingi ikiyumba. Na ukisoma kwamba serikali “da bandazos”, ni lile wimbi la ghafla limepelekwa kwenye siasa, na “lurch” inakwenda nalo.

“Oscilación” ya sayansi iacheni kama ilivyo, hasa inapokuwa jina. Kila Mkenya analijua neno la Kihispania “El Niño” tangu mvua za 1997 na 1998. Wavuvi wa Peru ndio waliouita hivyo mkondo wa maji ya joto uliowajia karibu na Krismasi, wakimkusudia mtoto Yesu. Jina kamili la kitaalamu, “El Niño-Oscilación del Sur”, hufupishwa ENOS kwa Kihispania, na kwa Kiingereza ni ENSO. Msiache ENOS ndani ya ripoti ya Kiingereza.

Kuna jambo la muundo ambalo linatuhusu sisi Waswahili kuliko wengine. Mhispania husema “entró tambaleándose”. Sisi husema aliingia akipepesuka. Sentensi ni pacha: kitenzi kikuu kinasema mtu alikwenda wapi, na namna ya mwendo inafuata nyuma. Kwa sababu Kihispania kinatukalia vizuri masikioni, tunaandika kwa Kiingereza “he entered staggering”, na hatuoni kasoro yoyote. Mwingereza huuweka mwendo kwenye kitenzi na njia pembeni: “he staggered in”. Vivyo hivyo “salió cojeando” ni “he limped out”. Zoeeni kuigeuza sentensi hiyo kila mnapoona kitenzi cha kwenda, kuingia, kutoka au kupanda kimefuatwa na neno linaloishia “-ando” au “-iendo”. Hakuna zoezi jingine linaloifanya tafsiri isikike Kiingereza haraka kama hili.

Maneno ya mwili wa binadamu yanataka adabu. “Contonearse” ni kutembea kwa maringo, kiuno kikienda huku na huku, na likisemwa juu ya mwanamume huweza kuwa “swagger”. “Mecerse” ni kuyumba polepole, kwa utulivu. Mgeni akiandika juu ya Maulidi ya rama, safu zimepangwa, matari yanapigwa, watu wanayumba pamoja, tazama ametumia lipi. Kama ni “mecerse”, andika “sway in unison”. Kama ameteleza akaandika “contonearse”, mwulize kabla ya kuchapisha, kwani hakuna anayependa kusoma kwamba wazee wa mtaa wa Langoni walikuwa wakiringa mbele ya kasida.

Na “mareado”: chomboni ni “seasick”, lakini mtu akisema “me mareé al levantarme”, nilisikia kizunguzungu nilipoinuka, ni “dizzy”. Ukiitwa zahanati kumfasiria mgeni, usimpe daktari la kwanza pale anapohitaji la pili.

Kamusi ya Akademia ya Kihispania iko bure kwenye intaneti, nayo hueleza maana, haikurundikii visawe tu. Ianzeni hiyo, ya lugha mbili ifuate. Ikishindikana, mwandikieni aliyeleta kazi, kwa swali fupi linalojibika kwa neno moja. Kwa chombo: “¿De lado a lado o de proa a popa?”, ubavu kwa ubavu au omo na tezi, mbele na nyuma. Kwa bei: “¿Son tarifas fijas o pueden cambiar?” Agosti Uhispania iko nyuma yetu kwa saa moja tu, na wao hula chakula cha mchana kuanzia saa nane mpaka saa kumi, wengi wasishike simu. Swali likitoka Lamu saa nne asubuhi, linamkuta mtu ndiyo kwanza anafungua ofisi, na jibu linakufikia kabla mwenye nyumba hajaanza kukupigia.