Leza inasema nanomita 140, hadubini inasema 30: masizi ya kibatari yana ukubwa gani?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Niko kwenye utafiti wa shahada ya uzamili, napima masizi ndani ya mwali wa kibatari cha mafuta ya taa. Napitisha leza ya kijani ya nanomita 532, napima mwanga unaotawanyika kwa pembe ya nyuzi 90 na mwanga unaopungua ukivuka mwali. Kwa uwiano wa viwili hivyo na kanuni za Rayleigh (za chembe ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga) napata kipenyo cha nanomita 140. Hadubini ya elektroni inanionyesha vijipira vya nanomita 30. Nimerudia hesabu, jibu ni lilelile. Nikosoe.

JIBU: Marahaba. Sidhani kama umekosea hesabu. Vyombo vyako viwili vinapima vitu tofauti, nawe umevipa jina moja.

Masizi hayakai chembe mojamoja. Vijipira huzaliwa ndani ya mwali, hugongana, vikashikana na kuwa matawi yaliyopinda ovyo, kama shanga zilizoungwa bila mpango. Hadubini inakuonyesha kijipira. Leza inaona tawi zima. Chukua 140, gawanya kwa 30, kisha pandisha jibu kwenye kipeo cha tatu: unapata takriban 100. Maana yake ni kwamba kipenyo chako cha 140 ni cha mpira wa kubuni wenye ujazo sawa na vijipira 100 hivi. Mpira huo haumo kwenye mwali.

Halafu kuna suala la nani ana uzito zaidi katika kipimo. Chembe ikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, ufyonzaji hufuata kipenyo kwa kipeo cha tatu, utawanyaji kwa kipeo cha sita. Chembe moja ya nanomita 100 hutawanya mwanga sawa na chembe milioni moja za nanomita 10. Kwa hiyo wakubwa wachache wanatawala kipimo chako, na wadogo, hata wawe wengi kiasi gani, hawasikiki.

Na hata hiyo 140 usiitegemee bado. Tawi la vijipira 100 vya nanomita 30 lina upana unaozidi nanomita 200, si dogo tena mbele ya wimbi la 532. Mawimbi yanayotoka sehemu zake mbalimbali hufutana kwa pembe ya 90, mwanga unapungua, na kanuni ya Rayleigh inakupa tawi dogo kuliko lililopo. Kulithibitisha ni rahisi: polaraizesheni ya leza (mwelekeo ambao wimbi lake hutetemea) ikiwa wima, pima kwa nyuzi 45 na 135. Chembe ndogo kweli zitakupa kiasi sawa pande zote mbili. Ukiona upande wa 45 una mwanga mwingi zaidi, umekutana na matawi.

Ningekushauri utumie nadharia ya Rayleigh-Debye-Gans kwa maumbo ya kifraktali, yaani matawi yenye mapengo ambayo sehemu yake ndogo hufanana na zima. Humo tawi hufyonza kwa kadiri ya idadi ya vijipira, na hutawanya kwa kadiri ya mraba wa idadi hiyo, ukipunguzwa na kigezo cha pembe. Kipenyo cha kijipira kichukue kwenye hadubini. Pima kuanzia nyuzi 20 hivi, ambako mfutano ni mdogo: kasi ya kupungua kwa mwanga kadiri pembe inavyokua itakupa ukubwa wa tawi, na uwiano wako wa zamani utakupa wastani wa idadi ya vijipira. Dimensheni ya kifraktali ya masizi, yaani namba inayoonyesha tawi limeshonana kiasi gani, huwa karibu na 1.8, ukipata 2.5 shuku kifaa kwanza.

Kwa namba inayoeleza jinsi masizi yanavyopinda na kufyonza mwanga (refractive index), wengi hutumia 1.57 − 0.56i ya watafiti Dalzell na Sarofim ya mwaka 1969. Wengine hutumia thamani tofauti, kwa hiyo taja uliyoichagua na uonyeshe jibu linavyobadilika ukiibadilisha.

Jambo la mwisho linahusu kibatari chenyewe. Mwanga unaopungua ni jumla ya njia nzima ya leza, ilhali utawanyaji unatoka kwenye nukta moja. Bila kutenganisha tabaka za mwali, uwiano wako unachanganya kitovu na kingo. Utenganishaji huo unadhani mwali ni wa mviringo na umetulia, basi kata utambi sawasawa na uzungushie wavu wa kuzuia upepo. Sampuli za hadubini zichukue kwenye kimo kilekile cha leza, kwa sababu milimita chache juu zaidi vijipira vimekwisha kukua au vimeanza kuungua.